Baba anasifia picha za Cannon: nianze na ipi?

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Nina miaka 25. Kila nikikaa na baba kutazama filamu mpya anaguna, anasema picha zenyewe zilikuwa za studio ya Cannon, ananitajia Dudikoff, Chuck Norris, Van Damme wa mwanzo. Nikatafuta American Ninja 4, nikaizima katikati. Je, kulikuwa na kitu pale, au wazee wanapenda ujana wao tu? Kama kipo, nianze na ipi? Nauliza pia kwa sababu mimi na wenzangu tumechangishana vijisenti tushuti filamu fupi ya mapigano."

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukutetea. Mtu akiizima American Ninja 4 katikati hajakosea kitu. Wewe umesikia pilau la harusi lilikuwa tamu, ukafika usiku wageni wameondoka, ukakwangua ukoko. Hiyo ya nne ilitoka 1990, wenye studio wameshagombana na kila mmoja kashika njia yake. Baba yako hasemi hiyo.

Anayoisema ni kazi ya takriban miaka kumi. Mwaka 1979 binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, walinunua kampuni ndogo ya Marekani iliyokuwa hoi, iliyoanzishwa 1967, ikiitwa Cannon. Golan alikuwa mdomo na ndoto, Globus alikuwa hesabu. Golan alishapita mikononi mwa Roger Corman, bingwa wa Kimarekani wa kutengeneza filamu kwa senti za kuokoteza. Na kabla ya Cannon, mwaka 1977, aliongoza Operation Thunderbolt, picha ya makomandoo waliovamia uwanja wa ndege wa Entebbe Julai 1976. Ilifika kwenye wateule wa Oscar wa filamu za lugha za kigeni. Kwa hiyo Uganda ya Idi Amin ilikuwa ndani ya picha za hawa jamaa hata kabla hawajawa Cannon. Mshike huyo Amin, atarudi kidogo mbele.

Sasa sikiliza walivyokuwa wakipata pesa, maana ukilielewa hili umeelewa nusu ya studio. Kila Mei walikwenda Cannes, kwenye tamasha la filamu la Ufaransa, na mabango. Mabango tu: jina kubwa, mtu kashika bunduki, moto nyuma yake. Skripti haipo, na pengine stelingi mwenyewe hajaulizwa. Walifanya kama fundi cherehani anayechukua arubuni kwa wateja ishirini kabla hajanunua hata kitambaa. Msambazaji wa Ujerumani anaweka saini, wa Japani anaweka, wa Hispania anaweka. Mikataba ile inapelekwa benki, benki inakopesha. Arubuni zikijumlishwa zikazidi gharama ya kushuti, faida imeshapatikana kabla kamera haijawashwa. American Ninja yenyewe ilitangazwa kwanza kwa jina la Chuck Norris, ikaja kutoka na Michael Dudikoff, ambaye wakati huo hakuna aliyemjua.

Na biashara ile ilikutana na wakati wake. Deki za video zilikuwa zinaingia majumbani dunia nzima, na maduka ya kanda yana njaa. Kwetu hali ilikuwa tofauti kidogo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo deki haikuja kushindana na kitu. Ilikuja kuwa ndiyo kila kitu. Mimi nilianza kuziona bandani, tumebanana kwenye mabenchi, mkanda umekopiwa kutoka mkanda uliokopiwa, nyuso za watu zimegeuka bluu, sauti inavuma kama nyuki. Zama za kina Lufufu kututafsiria zilikuwa bado. Kulikuwa na kaka mmoja anakaa mbele akidai anajua Kiingereza, na nilipokuja kukijua mwenyewe niligundua alikuwa anatunga hadithi nzima kichwani mwake. Yake ilikuwa nzuri zaidi mara nyingi.

Nakusimulia hili kwa sababu. Picha iliyoweza kuishi katika banda lile ni ile ambayo ungeielewa bila neno hata moja. Kama mapigano hayakueleweka kwa macho, watu walizomea. Hapo ndipo Cannon walipata wapenzi wao, na hapo ndipo ninapowapimia mpaka leo: senti chache walizokuwa nazo zilikwenda wapi? Zikienda kwenye miili ya watu na mahali penye sura, picha inasimama. Zikienda kwenye kujifanya tajiri, inaanguka.

Kwa hiyo usianze na American Ninja. Anza na Revenge of the Ninja ya 1983. Aliyeiongoza ni Sam Firstenberg, na stelingi ni Sho Kosugi, Mjapani aliyejua kweli anachokifanya, na ndiye aliyepanga mapigano. Hadithi unaimaliza kwa pumzi moja: ninja anaangamiziwa familia Japani, anahamia Marekani na mama yake na mtoto mdogo aliyenusurika, anafungua duka la maonyesho ya wanasesere. Rafiki yake mshirika kumbe anapitishia heroini tumboni mwa wanasesere hao. Basi. Mtoto wa kwenye filamu ni mtoto wa Kosugi kweli, Kane, na anapiga. Bibi naye anapiga, na si kwa mzaha.

Waliishuti Salt Lake City, Utah, mji ambao si wa ninja hata kwa bahati mbaya. Tazama walivyoutumia. Kuna mahali Kosugi ananing'inia kwenye gari linalokimbia barabarani, na unaona ni mtu kweli, gari kweli, lami kweli. Halafu mwisho wanapanda juu ya paa la jengo refu, yeye na adui mwenye barakoa ya fedha, na pambano linachukua muda wake. Fikiria kama mtu mwenye mfuko mwembamba: paa la jengo linataka nini? Hakuna umati wa kulipa, hakuna seti ya kujenga, anga unapewa bure, na hofu ya kuanguka inaingia yenyewe kwenye tumbo la mtazamaji. Mimi hii ndiyo picha yangu ya Cannon. Wengine watakutajia nyingine, waache.

Miaka miwili kabla yake kulikuwa na Enter the Ninja, 1981, Golan mwenyewe kaongoza, imeshutiwa Manila. Stelingi ni Franco Nero, Mwitaliano mwenye masharubu ambaye ngumi hakuzijua, ikabidi Mike Stone, bingwa wa karate, amchezee akiwa amefunikwa uso. Uzuri wa ninja ndio huo: kinachoonekana ni macho tu, na macho hayadai malipo ya ziada. Itazame ukiwa na muda. Kosugi ni adui humo.

Ya tatu, Ninja III: The Domination ya 1984, ni wazimu, na nasema hivyo kwa mapenzi. Inaanza kwenye uwanja wa gofu: ninja anasaga mpira wa gofu kwa kiganja, anaua wachezaji, anaua mapolisi, anadandia helikopta, anapigwa risasi zisizo na idadi. Kabla hajafa anakutana na fundi wa nyaya za simu, dada ambaye pia hufundisha mazoezi ya viungo, na roho yake inamwingia. Yaani mzuka umepanda kichwani. Sisi wa huku tuliielewa kuliko Wamarekani wenyewe. Ninja kapanda, anahitaji mganga, na mganga anayeweza kumtoa ni ninja mwenzake tu. Bandani watu walikuwa wanatikisa vichwa kama wako kwenye ngoma ya mashetani. Lucinda Dickey, aliyeicheza, alikuwa mcheza dansi, na mwaka huohuo akatoka kwenye Breakin', picha ya dansi ya kubreki iliyowagharimu Cannon kama dola milioni 1.2 na kuingiza zaidi ya milioni 38 Marekani peke yake. Breakin' si ya ngumi, lakini kuna kijana anacheza na fagio mbele ya duka. Ukiwa unajifunza kushuti mwili wa mtu, tazama kipande hicho mara tano.

Haya, sasa ndiyo American Ninja ya 1985. Wameshuti Ufilipino, Firstenberg tena. Dudikoff alitokea kwenye uanamitindo, hakuwa mpiganaji, na ukikodoa macho utaona wapi anaishia yeye na wapi anaanzia mtu mwingine aliyefunikwa uso. Lakini ana kitu: anatulia. Askari asiyekumbuka alikotoka, hasemi, hajisifu. Kambi ya maninja waliovaa rangi mbalimbali wanaruka kuta kama mbuzi. Adui mkubwa anafyatua mwanga kutoka mkononi. Usinitake nikutetee hapo.

Ila kinachoibeba picha ile ni mtu wa pembeni, Steve James. Anacheza koplo Curtis Jackson, Mmarekani mweusi mwenye kifua kama mlango, anayeanza kwa kumdharau Dudikoff, wanapigana, anapigwa, anacheka, wanakuwa ndugu. James alikuwa mpiganaji hasa na alianza kazi kwa kuwaangukia wengine, ile kazi ya kuruka madirisha badala ya stelingi. Kila akiingia kwenye fremu picha inapata joto. Walimweka tena na Dudikoff kwenye Avenging Force, 1986, kazi nzuri ya kuwindana kwenye vinamasi vya Louisiana, na humo kidogo ajiendeshee mambo mwenyewe. Kidogo tu. Hawakuwahi kumpa picha ya kwake, na mimi hilo nawahesabia. Alifariki 1993, akiwa na miaka 41.

Na kuna jingine la kuwahesabia, ambalo baba yako huenda halijui, kwa sababu kwenye mkanda haliandikwi. American Ninja 2 ya 1987 hadithi inadai ni kisiwa cha Karibi. Ile ni Afrika Kusini, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria na dunia ikihimiza kususia. Walikwenda kwa sababu gharama zilikuwa chini. Steve James anapiga watu kwa raha zote katika nchi ambayo, akivua vazi la filamu, sheria ingemchagulia pa kuishi. Sisi tuko bandani Tanzania, nchi iliyowahifadhi wapigania uhuru wa ANC, tunashangilia, hatujui. Sikukatazi kuitazama, mapigano yake ni mazuri kuliko ya kwanza katika sehemu kadhaa. Nakuambia tu ujue unachokiona.

Zile za Allan Quatermain, yule mwindaji wa kizungu, usijisumbue. King Solomon's Mines ya 1985 ilishutiwa Zimbabwe, nchi ina miaka mitano ya uhuru, na bado wakaweka chungu kikubwa na Waafrika wanaotaka kupika wazungu pamoja na mboga. Wanasema ni utani. Sawa.

Kwa Chuck Norris, watu wengi hutaja Missing in Action ya 1984. Iliwapa pesa, na ina historia ya kuchekesha: walishuti mbili, wakaona ile iliyokusudiwa kuwa ya pili ni bora, wakaitanguliza, na ya kwanza ikaja 1985 ikiitwa "mwanzo". Mimi nakupeleka kwenye Invasion U.S.A. ya mwaka huohuo. Kuna mtaa mzima wa nyumba unalipuliwa kwa roketi wakati wa Krismasi, na ukiuangalia unajiuliza walipata wapi hela. Zilikuwa nyumba halisi karibu na uwanja wa ndege wa Atlanta, zimeshapangiwa kubomolewa. Wakaomba kuzibomoa wao. The Delta Force ya 1986, ile ya pikipiki inayorusha makombora, baba yako ataitaja tu hata usipomuuliza.

Van Damme sasa. Bloodsport ilishutiwa Hong Kong, ikiwa ni pamoja na vichochoro vya Kowloon Walled City, ule mtaa wa ghorofa zilizobebana ambao baadaye ulivunjwa. Huwezi kujenga seti kama ile hata ukiwa na mamilioni. Gharama yake haikufika dola milioni 2.5. Studio ikaiona mbovu, ikaiweka kabatini. Van Damme mwenyewe akaingia kwenye chumba cha uhariri kuokoa mapigano yake, ikatoka 1988, na Marekani ikaingiza karibu milioni 12. Wanakuambia ni kisa cha kweli cha Frank Dux. Gazeti la Los Angeles Times lilimchimba mwaka uleule na madai yake yakabaki yananing'inia. Usijali. Tazama kila mpiganaji anavyotambulishwa kwa mtindo wake: huyu anatembea kama nyani, huyu ananesa, huyu ni Bolo Yeung na kifua kinacheza peke yake. Hujaambiwa majina, na unawajua wote. Halafu umwone mpelelezi mweusi anayemkimbiza Van Damme bila mafanikio. Ni Forest Whitaker. Miaka karibu 20 baadaye alikwenda Uganda kumcheza Idi Amin, akapata Oscar. Nilikwambia atarudi.

Cyborg ya 1989 ndiyo somo lenu hasa, ingawa si picha ninayoipenda sana. Cannon walikuwa wameshaanza maandalizi ya Masters of the Universe ya pili, picha za He-Man, na ya Spider-Man. Pesa zikakata, mavazi na seti zimebaki. Mwongozaji Albert Pyun akaambiwa atunge kitu kitakachotumia mabaki hayo. Bajeti yake ilikuwa kama nusu milioni. Akatunga dunia iliyokwisha kuharibika, kwa kuwa dunia iliyoharibika haihitaji kupakwa rangi. Wahusika wengi wana majina ya magitaa na vyombo vya muziki: Gibson Rickenbacker, Fender Tremolo, Marshall Strat. Kuna mlingoti ambako Van Damme anasulubiwa, na kipande hicho peke yake kimezidi picha nzima za watu wengine. Lakini katika kushuti, mwigizaji wa ziada alichomwa na kisu akapoteza jicho. Na Delta Force 2 ya mwaka uliofuata iliua watu watano, helikopta ilipoanguka Ufilipino. Nitakurudishia hilo.

Je, walikuwa na picha ya kuwekwa meza moja na wakubwa? Walikuwa nayo. Runaway Train, 1985: treni isiyo na dereva kwenye theluji ya Alaska, wafungwa wawili na dada mmoja ndani. Wazo la skripti lilikuwa la Akira Kurosawa, bingwa wa sinema wa Kijapani, mwongozaji ni Mrusi, Andrei Konchalovsky. Iliteuliwa Oscar tatu. Ni watu wachache, chuma na baridi. Na Golan huyohuyo wa maninja alimpa pesa mwongozaji John Cassavetes, ambaye Love Streams yake ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, 1984, na akatia saini mkataba na mwongozaji mwingine mkubwa, Jean-Luc Godard, juu ya kitambaa cha kupangusia mdomo. Mtu wa ajabu. Alipenda sinema kama mlevi apendavyo pombe.

Kilichowamaliza ni kutaka kulingana na wakubwa. Wakamlipa Stallone malipo yaliyoripotiwa kufika dola milioni 12 kwa Over the Top, picha ya kushindana mikono. Wakanunua majumba ya sinema Uingereza. Wakachukua Superman IV, wakaikata bajeti karibu nusu, ikabidi mji wa Milton Keynes, Uingereza, uigize New York, na ukiutazama unaona kabisa ni Milton Keynes. Masters of the Universe iliishiwa hela kabla ya pambano la mwisho, ndiyo maana He-Man na adui yake wanapigana gizani kama umeme umekatika. Unaona tofauti? Revenge of the Ninja ilikuwa na pesa chache kuliko hizo, na hukuona pengo hata moja. Golan akaondoka 1989. Mwezi Machi 1990 yeye na Globus, kila mmoja upande wake, waliingiza filamu ya dansi ya lambada kumbini siku moja. Zote mbili zikafa.

Kuhusu filamu yenu, sijui mmechanga kiasi gani, na sitaki kujua. Niambieni mna mahali gani. Morogoro mna Milima ya Uluguru, mna stesheni ya reli, mna mashamba ya mkonge mkitoka nje kidogo. Chagueni mahali pamoja tu, msikimbilie mahali patano. Tafuteni mpiganaji hasa, wa karate au ndondi za mtaani, hata kama hajui kuigiza, na mmpe maneno machache. Kamera irudi nyuma tuone miguu. Hawa vijana wa sasa wanakata kila sekunde, hujui nani kampiga nani; bandani mngezomewa. Bastola ya kuwekewa moto kwa kompyuta achaneni nayo, tutaiona.

Na mtu asianguke kutoka mahali ambapo hamjaweka magodoro na mtu wa kumpokea. Panga la kweli lisiingie kwenye seti, hata "kwa kipande kimoja tu". Ngumi za Cannon nilizishangilia miaka mingi kabla sijajua kuna mtu anatembea na jicho moja kwa ajili yake.

Jumamosi kaa na baba, muanze na Revenge of the Ninja, halafu American Ninja ya kwanza. Akianza kumsifia Dudikoff, muulize yule koplo rafiki yake anaitwa nani kwenye picha. Akikwambia Curtis Jackson bila kufikiri, alikuwepo bandani kweli.